Ukuta ukifura, usikimbilie rangi: uliza kwanza maji yanatoka wapi

Bonasi yangu ya kwanza ya kazi niliipaka ukutani. Sisemi kwa mafumbo. Zilikuwa Sh41,500, nikazituma kutoka Nairobi hadi Kisauni, Mombasa, ili ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama uparuzwe, ulainishwe na kupakwa rangi mpya ya mafuta, ile inayong'aa, ambayo fundi aliniapia kwamba "maji hayaigusi". Hiyo ilikuwa Desemba. Kufikia mwisho wa Mei rangi ilikuwa imefura kama maandazi. Ukibonyeza kwa kidole panapasuka, na nyuma yake unamwagika unga mweupe. Mpwa wangu wa miaka minne, ambaye kitanda chake kiliegemea ukuta huo, aliuita "ukuta wa sukari". Alikuwa akiulamba pia, hadi dada yangu alipomfumania.

Haikuwa sukari, ilikuwa chumvi. Na hilo la kuulamba lilituchekesha kwa siku mbili tu, kwa sababu Juni hiyo mtoto alipelekwa kliniki mara mbili usiku kifua kimembana. Daktari alimuuliza dada yangu swali ambalo hatukulitarajia: chumba anacholala kina unyevu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na linasema wazi kwamba wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu wana hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na ya pumu kuzidi. Kwa hivyo tusichukulie ukuta unaobambuka kuwa aibu ya wageni peke yake.

Nilisomea masoko, sikusomea ujenzi. Hapa kazini huwa naandika kuhusu namna ya kutumia pesa ya simu vizuri, na ninakiri kwamba mwaka ule niliitumia vibaya kuliko wateja wengi ninaowaandikia. Hii ndiyo hesabu ya nilivyorudia kazi ile ile, safari hii kwa mpango.

Nailoni ya rangi

Jirani yetu ni fundi mzee aliyestaafu, amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule. Nilipofika nyumbani Julai nilimwendea, nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akaja na ufunguo wa mlango mkononi. Hakuuliza nimetumia rangi gani. Aliugonga ukuta kwa ule ufunguo kuanzia chini kwenda juu, pole pole, kama daktari anayegonga kifua. Chini ulitoa sauti ya debe tupu: plasta ilikuwa imeachana na jiwe. Karibu na kiuno sauti ikabadilika, ikawa ngumu.

"Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu umeupaka rangi ama umeuvisha nailoni?"

Akanieleza. Nyumba nyingi za Pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yale yanayokatwa kwenye machimbo ya huko Kilifi. Jiwe la tumbawe lina vitundu vidogo vidogo, hunywa maji na kuyatoa. Maji yakiingia ukutani hayakai, hutafuta pa kutokea. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuacha chumvi iliyokuwa ndani yake, na chumvi hiyo ikiganda nyuma ya rangi huisukuma hadi ipasuke. Rangi ya mafuta haizuii maji kuingia kwa nyuma. Inayazuia kutoka kwa mbele.

Wazee waliojenga Mji wa Kale wa Lamu na wa Mombasa walilijua hilo. Kuta zao za matumbawe walizipaka chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo, na chokaa hupumua pamoja na jiwe. Sisi tumeleta simiti nzito na rangi inayong'aa, halafu tunashangaa.

Basi swali likawa moja tu: maji haya yanatoka wapi? Hilo ndilo swali nililoruka mwaka wa kwanza, na lilinigharimu Sh41,500.

Kumsaka mwizi

Maji huingia kwenye nyumba kwa njia chache, na kila njia huacha alama yake. Ukizijua utaokoa pesa hata kabla ya kumwita fundi.

Anza na alama iliyo chini. Ukiona unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kwa mstari kama wa bahari kupwa, mara nyingi chini ya mita moja, pamoja na chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Nyumba iliyojengwa sawasawa huwa na ile karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi huiita DPC, inayolazwa juu ya msingi kabla ukuta haujaanza, ili maji ya udongo yasipande. Tatizo ni kwamba watu wengi huiua wenyewe. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya karatasi hiyo kwa angalau milimita 150, yaani kama urefu wa kiganja kilichonyooshwa. Ukijaza murramu au kuweka kabro hadi ikapita juu yake, umeyajengea maji ngazi.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka mmoja kabla, kaka yangu alimzawadia mama kabro ya uwanja mzima, ikaletwa hadi ikagusa ukuta, tena imeinamia upande wa nyumba. Ilipendeza sana. (Ameomba nisimtaje, kwa hivyo nimesema kaka yangu tu, na nina kaka wawili.)

Alama ya pili ni doa lisilofuata mvua. Likibaki na maji hata kiangazi, au likiwa karibu na bafu, jiko au choo, shuku bomba. Kama una mita ya maji, funga mifereji yote usiku, soma mita, usome tena asubuhi kabla mtu hajafungua chochote. Ikisogea, kuna mahali panapovuja. Mombasa maji huja kwa zamu na wengi wetu tunategemea tangi, basi fanya hivi: jaza tangi, funga yote, tia alama ya mahali maji yalipofika, halafu angalia alfajiri. Letu lilishuka vidole vitatu na hakuna aliyeoga. Bomba linalopeleka maji bafuni lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, ndani ya ukuta, nyuma ya kitanda cha mtoto.

Ya tatu ni maji ya mvua kutoka juu au pembeni: mabati yenye misumari iliyolegea, dari yenye duara la kahawia, paa lisilo na gata. Paa letu lilikuwa halina gata. Mvua ya Mei, ambayo Mombasa ndiyo mwezi wa mvua kubwa kuliko yote, ilikuwa inateremka yote kwa mstari mmoja, inagonga kabro, inaruka ukutani. Simama nje wakati mvua inanyesha. Dakika 10 za kulowa zitakufunza kuliko fundi watatu wanaokuja jua likiwaka.

Ya nne haitoki nje kabisa. Ni mvuke wetu sisi, wa kupika, kuoga, kupumua, kuanika nguo ndani. Unakutana na ukuta baridi, unageuka maji, na kuvu jeusi linaota kwenye pembe na nyuma ya makabati. Hili ni tatizo la Nairobi, Limuru na Kericho kuliko la Mombasa, hasa baridi ya Julai dirisha likifungwa usiku na mchana. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Maji yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke. Yakiwa nyuma, upande wa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Kama ni mvuke, huhitaji kubomoa chochote. Fungua madirisha ya pande mbili, sogeza kabati liache nafasi ya mkono, funika sufuria, anika nguo nje. Gharama yake ni sifuri. Ila tafadhali, usikaushe chumba kwa jiko la makaa. Hewa yake haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini.

Sisi tulikuwa na tatu za mwanzo, na kidogo cha ya nne, maana dirisha la chumba cha mtoto lilikuwa limepakwa rangi hadi likagoma kufunguka. Rangi yangu hiyo hiyo ya Desemba.

Pesa ifuate maji

Sasa tuje kwa mfuko. Mshahara wangu haukuwa na bonasi nyingine mwaka ule. Niliweza kutenga Sh5,000 kwa mwezi, si zaidi, na nilijijua: ikikaa kwenye salio la kawaida itakwenda kwa chakula cha kuagiza na michango ya harusi. Nilifungua akiba ya lengo kwenye simu, nikaiita "Ukuta wa Mama", nikaweka makato ya tarehe 1 kila mwezi na kuifunga hadi Desemba. Jina nililichagua makusudi. Ukitaka kuvunja akiba inayoitwa "Akiba 2" moyo hauumi. Ukitaka kuvunja "Ukuta wa Mama" unamwona mama.

Agosti hadi Desemba ni miezi mitano, Sh25,000. Si pesa ya kukarabati nyumba. Lakini mzee alinifunza kupanga kazi kwa mpangilio ambao maji yenyewe yanautaka: kwanza zuia yanapoingia, pili ondoa plasta iliyokufa, tatu ngoja, nne piga plasta, na mwisho kabisa rangi. Ukipanga hivyo huhitaji pesa zote kwa mpigo. Kila hatua ina bei yake na muda wake, na pengo la katikati ndilo linalokupa nafasi ya kuweka akiba ya hatua inayofuata. Ukuta unakauka, wewe unaweka pesa.

Hesabu ya kwanza ilikuwa hii. Kung'oa kabro upana wa sentimita 60 kwenye urefu wote wa ukuta, mita 12, kuchimba chini hadi karatasi ya lami ionekane na kuipita, kisha kujaza kokoto ili maji yazame badala ya kusimama: vibarua wawili siku mbili kwa Sh1,000 kila mmoja kwa siku, Sh4,000, na kokoto Sh3,500. Gata na bomba lake la kushukia, pamoja na ufundi, Sh9,800. Kubomoa plasta hadi kimo cha mita moja, Sh3,000. Mstari wa unyevu ulikuwa sentimita 70, na kanuni ni kuvuka juu yake sentimita 30, kwa sababu chumvi huwa imeshatangulia kupanda. Jumla Sh20,300. Zilizobaki, Sh4,700, niliziacha kama za dharura, na nilikuwa mkali: si za kubadilisha vipini vya milango.

Kipimo cha tangi tulikifanya siku moja kabla ya kazi kuanza, ndipo tukajua kuhusu bomba. Bomba, viungo vyake na fundi bomba vikala Sh4,300 kutoka dharura. Nikabaki na Sh400. Bila ile dharura kazi ingesimama siku ya pili, au ningefanya kile nilichokaribia kufanya, kukopa.

Niseme hapo kidogo. Usiku ule nilifungua programu ya mkopo, kidole kiko juu ya kitufe. Tuseme unakopa Sh20,000 kwa ada ya asilimia 9 kwa mwezi. Hiyo ni Sh1,800, inaonekana ndogo. Lakini ukuta haukauki kwa mwezi mmoja. Ukiusongesha mkopo huo miezi mitatu umelipa Sh5,400 za ada, zaidi ya bomba langu lote, na mkopo wenyewe bado uko pale pale. Mkopo una mahali pake, kwa mfano paa limeng'oka na mvua iko mlangoni. Hata hapo, hakikisha mkopeshaji yuko kwenye orodha ya walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya, ambayo huitangaza kwa umma.

Kutuma pesa si kulipia kazi

Mwaka wa kwanza nilituma pesa mara saba. Kwa fundi mara nne, kwa binamu yangu mara tatu, kila mara kwa simu iliyoanza na "boss, kumeingia kitu kidogo". Nikalipa ada ya kutuma mara saba, wao wakalipa ya kutoa, na mwisho wa kazi sikuweza kusema simiti ilikuwa mifuko mingapi. Sidhani niliibiwa. Ila kama ningeibiwa nisingejua, na hilo ndilo tatizo.

Safari hii nilitenganisha vifaa na ufundi. Vifaa vyote nililipa mwenyewe kwa tili ya duka. Binamu anakwenda dukani, ananitumia picha ya bei iliyoandikwa, nalipa nikiwa Nairobi, anaondoka na mzigo na risiti. Pesa ya kokoto haiwezi kugeuka nauli, na mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti inanionyesha kila duka, tarehe na kiasi. Bei pia zilishuka kidogo, nadhani kwa sababu mwenye duka alijua anaongea na mlipaji.

Ufundi nililipa kwa hatua. Tulikubaliana kwa meseji, kwa Kiswahili cha kawaida: asilimia 30 siku ya kuanza, 40 kazi ikifika nusu, 30 ikikamilika na kukaguliwa. Kabla ya kila malipo nilitaka picha mbili, ya mbali na ya karibu, zilizopigwa kutoka mahali pale pale. Mzee jirani alikuwa ananipigia mwenyewe kunithibitishia. Fundi mpya hakuchukia. Alisema anapenda mteja wa hivyo kuliko anayelipa zote halafu anapiga simu kila saa.

Siku ya malipo ya pili kukaingia meseji kwa binamu: "Ile pesa ya fundi tuma kwa hii namba, ile ingine ina shida." Unaijua meseji hii, karibu kila Mkenya ameipata. Siku hiyo lakini ilikuja wakati ambapo kweli kulikuwa na fundi na kweli kulikuwa na pesa. Binamu akanitumia, nikaiweka ile namba, na jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha halikuwa la fundi wetu wala la mtu tunayemjua. Nikaacha, nikampigia fundi kwa namba ya zamani. Alikuwa juu ya ngazi anafunga gata, hana habari. Lisome jina lile kila mara, hata kama namba unaijua kwa moyo. Hizo sekunde mbili ni za kwako, hakuna anayekufukuza.

Idd na ukuta uchi

Kazi ya maji iliisha kabla ya mwaka mpya, upepo wa kaskazi ukiwa umeshaanza kuvuma. Hiyo tuliipanga. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kabisa Mombasa, na ukuta uliobomolewa plasta unahitaji upepo huo kuliko unavyohitaji fundi. Mafundi wana kipimo chao: ukuta hukauka kama milimita 25 kwa mwezi. Wetu ni wa inchi sita, yaani milimita 150. Piga hesabu mwenyewe. Kaskazi ya Pwani husaidia, lakini si muujiza.

Kila wiki dada yangu aliipiga chumvi burashi kavu, akaifagia na kuitupa mbali. Asiioshe, mzee alionya, kwa sababu ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Wiki za kwanza alijaza kikombe. Kufikia Machi ilikuwa kama ya kutia kwenye yai. Mtoto akahamishiwa chumba cha mama, dirisha likafunguliwa kwa patasi na bawaba mpya, Sh1,200.

Lililokuwa gumu halikuwa pesa. Idd ilitukuta katikati ya kungoja. Sebule ya mama, ambayo hukaribisha watu 30 siku ile, ilikuwa na ukuta uchi, mawe nje, kama nyumba ambayo haijaisha. Mama hakulalamika kwa maneno. Aliangika mkeka mkubwa mpya kuuficha. Mzee alipokuja kula pilau aliutazama ule mkeka, akaumeza wali, kisha akasema kwa upole, "Mama, ukuta umevaa koti na jua linawaka." Mama akacheka mbele ya wageni, akauteremsha mkeka mwenyewe. Baadaye jioni aliniambia kwenye simu kwamba shangazi wawili walimuuliza kama mimi nimeishiwa. Hiyo iliniuma, sitasema uongo. Ni rahisi zaidi kulipia rangi ambayo kila mtu anaiona kuliko mtaro wa kokoto nyuma ya nyumba.

Mwisho wa Machi tukapiga plasta. Januari hadi Machi zilikuwa zimeingia Sh15,000, na ile Sh400 juu. Vifaa vilikuwa Sh6,400 na ufundi Sh6,000. Mchanganyiko ulikuwa debe moja la simiti, mawili ya chokaa na tisa ya mchanga, laini kuliko plasta ya simiti tupu, ili ukuta uendelee kupumua. Mchanga ukawa wa mto. Ule wa ufuoni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata hewani. Maji ya kukorogea yakawa ya kununua, kwa sababu kisima cha karibu ni cha chumvi na hatukutaka kurudisha kwa ndoo tulichokitoa kwa burashi. Na chokaa inachoma ngozi na macho, fundi avae glavu.

Kama umepanga

Wengi wenu mnaosoma hapa ni wapangaji, na ninyi hamna kabro ya kung'oa. Unyevu wa mvuke ni wako kuutatua. Wa paa, bomba na ukuta ni wa mwenye nyumba. Piga picha zenye tarehe, mwandikie meseji badala ya kumwambia mlangoni, mweleze doa lilianza lini na linaongezeka vipi. Akikubali urekebishe mwenyewe akate kwenye kodi, hakikisha kakubali kwa maandishi na kwa kiasi maalumu kabla hujatoa hata shilingi, kisha lipa kwa njia inayoacha rekodi. Usikate kodi kwa uamuzi wako. Na kama doa liko darini na juu yako kuna jirani, panda ngazi kwanza umbishie hodi. Mara nyingine ni mfereji wake tu, na wala hajui.

Kuvu kidogo kwenye pembe lioshe kwa maji ya sabuni, ukiwa na glavu na umefunika pua, uache pakauke. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo.

Mei imepita. Nilikwenda nyumbani wikendi ya mvua kubwa makusudi, nikasimama nje na mwavuli nikitazama gata. Maji yalishuka kwenye bomba lake, yakaenda mtaroni, kokoto ikayameza. Ndani, nilipitisha kiganja chini ya ukuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Upande wa bafu bado ni baridi kidogo. Kwingine kote pakavu. Mtoto hajarudi kliniki kwa kifua tangu Februari, ingawa amekua pia, na daktari amembadilishia dawa, kwa hivyo sitaupa ukuta sifa zote.

Rangi bado. Hadi sasa nimetumia Sh38,200 na hakuna hata tone la rangi lililoguswa. Hizo Sh7,500 za rangi ya maji na mpakaji zimefungwa kwenye simu hadi Agosti, na mama ameshachagua ya kijani kibichi, ambayo mimi siipendi.